Mkate wa Chachu wa Ngong: Kwa Nini Uuzwe kwa Jina la Kigeni?

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yanayopendwa mno majukwaani, neno chachu halikosekani. Elimu ni chachu ya maendeleo, vijana ni chachu ya mabadiliko, michezo ni chachu ya umoja. Kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, Kiswahili nacho huitwa chachu ya utangamano wa Afrika Mashariki. Neno hili limetumiwa kisitiari kwa muda mrefu hivi kwamba wasemaji wengi, yamkini, wamesahau kuwa ipo chachu yenyewe: ile ya unga na maji, inayotoa povu, inayonukia ukali wake, na inayokufa ikisahauliwa siku nyingi. Chachu hiyo i hai katika bekari ndogo za mtaani zinazooka mkate usiotiwa hamira ya dukani. Ajabu ni kwamba humo ndani, mahali ambapo neno lenyewe lingetumika kwa maana yake ya asili bila sitiari wala madoido, halitumiki kabisa. Kibao cha mlangoni kimeandikwa “sourdough”, na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, “toast”.

Ngong ni mahali pafaapo kuliangalia suala hili kwa makini. Mji umekaa chini ya vilima ambavyo kilele chao hufikia mita 2,460 hivi juu ya usawa wa bahari, katika Kaunti ya Kajiado, na matatu za nambari 111 ndizo zinazouunganisha na jiji la Nairobi. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakazi zaidi ya 100,000. Jina lenyewe la mji, kwa masimulizi ya wenyeji, limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya chemchemi ya kifaru, ambayo yalifupishwa vinywani mwa wageni hadi yakabaki jinsi yalivyo leo. Sokoni na vituoni Mmaasai, Mkikuyu, Mkamba, Mjaluo, Mkisii na Msomali hukutana kila siku, na wanapopatana bei ya mbuzi au ya mzigo wa sukumawiki, lugha inayowapatanisha aghalabu ni Kiswahili. Mji ambao watu wake hununua kila kitu kwa Kiswahili umepata chakula kimoja ambacho lazima kinunuliwe kwa Kiingereza.

Mtu anayeingia katika bekari ya namna hiyo kwa mara ya kwanza hupokewa na harufu kabla ya kupokewa na muuzaji. Ni harufu ya ganda lililoiva hadi likaelekea weusi, ikichanganyika na ukali mwembamba unaofanana na wa maziwa lala. Mikate imepangwa rafuni. Ni ya mviringo, imepakwa vumbi la unga, na imepasuka juu kwa mkato wa wembe. Haifanani na ule mkate mweupe wa pembe nne uliokatwa slesi na kufungwa kwa karatasi ya nailoni. Kuna meza mbili au tatu, na kipande kinene kikiagizwa hubanikwa juu ya chuma hadi kingo zikaungua kidogo, kisha kikapakwa siagi na asali, au kikafunikwa kwa parachichi lililopondwa na kunyunyiziwa ndimu. Ukikitafuna, ganda hulia mithili ya kuni kavu, na ndani ni laini, pana matundu makubwa, pana uchachu unaobaki ulimini. Ni chakula kizuri. Hilo lisemwe waziwazi mwanzoni, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kulijadili jina la kitu ni kukidharau kitu chenyewe.

Ugumu huanza mteja anapouliza: “Kijana, huu ni mkate wa aina gani?” Muuzaji, ambaye Kiswahili chake ni fasaha katika kila jambo jingine, hulitaja jina la Kiingereza. Mteja akiuliza maana yake, muuzaji huanza kuhangaika: ni mkate ambao unga wake umekaa, umelala, umekuwa na uchungu kidogo lakini si mbaya. Mteja husikia “umekaa” na “uchungu”, hutazama bei ambayo ni mara kadhaa ya bei ya mkate wa kawaida, hushukuru kwa heshima na kuondoka. Laiti angeambiwa kwamba ni mkate wa chachu, huenda angeondoka vilevile kwa sababu ya bei, ila angeondoka akijua alichokataa.

Kwani hiyo chachu ni nini? Ni unga na maji vilivyochanganywa chomboni na kuachwa, huku vikipunguzwa na kuongezwa unga mpya na maji mapya kila siku kwa muda wa wiki moja au zaidi. Ndani ya unga wenyewe, hasa usiokobolewa, mna viumbe hai visivyoonekana kwa macho. Baadhi yake ni wa jamii ya kuvu, na kazi yao ni kutoa hewa ya ukaa inayoufanya unga uumuke. Wengine ni bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki, ile ile inayoyagandisha maziwa. Viumbe hao wakishazoeana, mchanganyiko huanza kupanda na kushuka kwa saa zinazotabirika, na hapo huwa tayari kwa kazi. Kwa kilo moja ya unga mwokaji hutia maji gramu 700 hivi, chachu gramu 200 na chumvi gramu 20, basi. Hukanda, hukunja donge mara kadhaa kwa muda wa saa chache, hulifinyanga, hulilaza usiku, na asubuhi hulitia katika tanuri lenye joto la nyuzi 230 au zaidi. Kila mara kiasi kidogo cha chachu hubakizwa kwa ajili ya mkate wa kesho. Kwa hiyo mkate wa leo una damu ya mkate wa jana, na wa mwaka jana, mradi mtunzaji hakusafiri akaisahau.

Ngong ina tabia zake katika kazi hii. Palipo juu namna hiyo kani ya hewa ni ndogo, kwa hiyo donge hupanuka upesi kuliko pwani. Lakini baridi ya mwezi wa Julai huwalaza wale viumbe, na mwokaji aliyezoea saa nane za kuumua hulazimika kungoja zaidi, au kukifunika chombo kwa blanketi karibu na tanuri. Maarifa ya namna hiyo hayaagizwi kutoka ng’ambo. Mtu huyapata kwa kuishi mahali, na palipo na maarifa ya mahali hupaswa kuwepo maneno ya mahali.

Maneno yenyewe hayakosekani. Kiswahili kina vitenzi vya kazi hii ambavyo lugha nyingi zingevionea wivu. Unga hukandwa, huumuliwa na huumuka. Ukizidi muda huchacha. Mkate huokwa, na ukirudishwa motoni hubanikwa. Kina pia nomino mbili, hamira na chachu, ambazo kamusi zetu zimezoea kuzieleza kana kwamba ni kitu kimoja. Hamira imetoka katika Kiarabu. Chachu imetoka katika kitenzi chetu cha Kibantu. Matumizi ya kila siku yamekwisha kuzitenganisha bila kungoja kikao cha wataalamu: mama akimtuma mtoto dukani akanunue hamira, mtoto hurudi na pakiti ya chengachenga kavu zilizotengenezwa kiwandani. Hakuna anayemtuma mtoto dukani kununua chachu. Hapa lugha imejipangia mambo yake kwa akili. Hamira ni ile inayonunuliwa, ambayo viwanda vilianza kuiuza kwa wingi Ulaya na Marekani katika karne ya 19. Chachu ni ile inayotunzwa. Tofauti hiyo ndiyo hasa tofauti iliyopo kati ya mkate wa kiwandani na mkate wa bekari ndogo ya Ngong. Kinachobakia ni kuitumia kwa makusudi.

Wapo watakaopinga kwamba neno lenyewe lina kasoro, na pingamizi lao si la kupuuzwa. Kuchacha, watasema, ni kuharibika. Wali uliochacha hutupwa. Mchuzi uliochacha humwaga mtu tumbo. Na mambo yakichacha, watu hukimbia. Nani atanunua mkate wenye jina la uharibifu? Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama pangependekezwa “mkate uliochacha”. Hata “mkate mchachu” una walakini, kwa maana kivumishi hicho husifu ladha, na mteja asiyejua atadhani ni dosari. Lakini “mkate wa chachu” ni jambo tofauti kabisa. Hapo chachu ni nomino, ni chanzo cha mkate wala si hali yake, kama vile mtu asemavyo mkate wa mtama au mkate wa ufuta. Isitoshe, neno limekwisha kutakaswa na matumizi mengine. Waumini wa Kikristo katika makanisa ya Ngong hulisikia katika Biblia ya Kiswahili, ambamo sikukuu nzima huitwa ya Mikate Isiyotiwa Chachu. Mtu anayejua mkate usiotiwa chachu ni upi, atashindwaje kuujua uliotiwa?

Tena hakuna taifa lililolionea haya neno la uchachu. Wajerumani huliita donge hilo Sauerteig, yaani unga mchachu, bila kumung’unya maneno. Wafaransa huiita chachu yao levain, na wanaithamini kiasi cha kuitungia sheria: amri ya serikali yao ya mwaka 1993 inataja kipimo cha uchachu ambacho mkate haupaswi kupungukiwa nacho ikiwa utauzwa kwa jina la mkate wa chachu. Anayeukosesha kiwango hicho hawezi kulitumia jina. Waamerika wa San Francisco walijivunia mkate wao hata bakteria waliotambuliwa ndani yake mwaka 1971 wakapewa jina la mji huo katika istilahi za kisayansi, ijapokuwa baadaye iligunduliwa kwamba bakteria hao hao wanaishi katika madonge ya nchi nyingine nyingi. Kumbe hata kiumbe asiyeonekana kwa macho anaweza kupewa uraia! Chachu ya Ngong, inayoumuka chini ya vilima vyenye historia yake, haijapewa hata jina la lugha inayozungumzwa mlangoni.

Jambo linalosikitisha zaidi ni kwamba mkate huu huletwa mbele ya watu kama ugeni mtupu, ilhali ndugu zake wamejaa kila upande. Mmaasai wa Kajiado hahitaji kufundishwa habari za chachu. Maziwa yake ya kuganda hutengenezwa katika kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha mzeituni mwitu, na kibuyu kilekile kilichokwisha kuzoea maziwa ndicho kinachoyaanzisha maziwa mapya. Mkalenjini ana mursik yake kwa utaratibu unaokaribiana na huo. Mkikuyu ana muratina, na hapa mfano unafanana mno na kazi ya mwokaji. Tunda la mvungunya hupasuliwa, huchemshwa, hukaushwa juani, kisha hutiwa katika maji ya asali ili yawe pombe. Pombe ikiisha tunda hutolewa, hukaushwa tena na kuhifadhiwa, na siku ya sherehe nyingine hurudishwa kazini likiwa limebeba viumbe wale wale. Tunda hilo kavu, lililoning’inizwa katika nyumba ya mzee, ni chupa ya chachu ya bekari kwa umbo lingine. Ongeza uji wa wimbi uliochachushwa siku mbili, ambao akina mama huuza kwa vikombe kandokando ya vituo vya matatu. Mama wa uji angelipewa nafasi ya dakika moja kuichungulia chupa ya mwokaji, angemweleza ni lini imeiva na ni lini imezidi, tena bila kipimo cha joto.

Ukishuka pwani, ushahidi huongezeka. Kabla ya pakiti za hamira kuenea, vitumbua na mkate wa kumimina viliumuliwa kwa tembo la mnazi, na wapo wapishi ambao hadi leo hawakubali badala yake. Mkate wa mofa, unaookwa kwa unga wa mtama katika tanuri dogo la udongo, ulikuwepo katika visiwa vya Lamu kabla Nairobi haijawa mji. Katika mtaa wa Eastleigh, anjera ya Wasomali na injera ya Waethiopia huachwa ichachuke kabla ya kumiminwa kikaangoni, na Waethiopia wana neno lao mahususi, ersho, kwa yale maji ya chachu yanayobakizwa kwa ajili ya upishi unaofuata. Mwethiopia aliye Nairobi huuza injera kwa jina la injera, na wateja wa kila kabila na kila nchi hulitamka vizuri tu. Hakuona haja ya kuitafutia tafsiri ya Kiingereza ili ionekane ya hadhi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Bekari ndogo haikuchagua Kiingereza kwa sababu Kiswahili kilishindwa. Ilikichagua kwa sababu jina la Kiingereza huuza hadhi pamoja na mkate, na hadhi ndiyo inayolipiwa ile bei ya ziada. Mfanyabiashara ana hesabu zake, na hesabu hizo si za kubeza: kodi ya chumba, umeme wa tanuri, unga bora, na saa 24 za kungojea donge ambalo kiwanda kingelimaliza kwa saa chache. Waingereza walibuni mwaka 1961, katika mji wa Chorleywood, mbinu ya kulipiga donge kwa mashine zenye kasi kubwa ili lisihitaji kulala, na tangu hapo mkate mwingi duniani umeokwa kwa haraka. Anayeoka polepole lazima auze ghali. Lakini bei halali ya muda ni jambo moja, na ushuru wa jina ni jambo jingine. Mteja wa Ngong anatozwa vyote viwili, naye hajui mpaka uko wapi.

Wengine hudai kwamba mjadala huu ni wa wenye shibe, kwamba nchi ambayo watu wake hununua nusu mkate kwa ajili ya watoto watano haina nafasi ya kujadili jina la mkate wa parachichi. Dai hilo lina uzito. Mkate nchini Kenya ni suala la siasa na la tumbo kwa pamoja. Ngano yenyewe ilipandwa kwa biashara na walowezi. Lord Delamere aliilima Njoro na akaanzisha kampuni ya Unga mwaka 1908. Hadi leo mashamba ya Narok, upande wa pili wa Bonde la Ufa unapotazama kutoka vilima vya Ngong, hayatoshi kulilisha taifa, na sehemu kubwa ya ngano huagizwa kutoka nje. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ya unga ilipanda hadi vijijini. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipopendekeza mkate wa kawaida utozwe ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 16, wananchi walikasirika, na pendekezo hilo likaondolewa mwezi wa Juni, siku chache kabla ya maandamano makubwa yaliyouangusha mswada wote. Kwa watu wa namna hii, mkate si mapambo.

Hata hivyo, hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho wake inarudi kulitetea jina. Maarifa ya chachu ni maarifa ya watu wasio na fedha. Hayahitaji pakiti, hayahitaji kiwanda. Yanahitaji unga, maji, chombo na uvumilivu. Unga usiokobolewa ukichachushwa kwa muda mrefu huachilia madini kama chuma na zinki ambayo mwili usingeyapata vizuri, na mkate wake hukawia kuota kuvu, faida kubwa kwa nyumba isiyo na jokofu. Nafaka zinazostahimili ukame wa Kajiado, kama mtama na wimbi, huweza kuchanganywa humo kwa kiasi, ikapungua haja ya ngano ya meli. Maarifa haya yakifungiwa ndani ya jina la Kiingereza na kuwekwa nyuma ya kioo, mama wa Ngong anayeyajua nusu yake tayari hataambiwa kwamba anayajua. Atayaona ni mali ya wengine. Na binti yake, anayeona haya kunywa uji mchachu mbele ya wenzake, atalipa fedha nyingi siku moja kwa uchachu ule ule, ukiwa umepakwa parachichi.

Kuhusu tosti, haifai kukazana sana. Neno hilo limekwisha kuhamia, limevaa irabu yake ya mwisho, na vibanda vya kando ya barabara vinauza tosti mayai asubuhi bila kumwomba mtu radhi. Kukopa si dhambi. Chapati na sambusa zilikopwa na zikapata uraia. Tunakopa tusichokuwa nacho. Ila inafaa kukumbushwa, kwa mzaha kidogo, kwamba tosti kwa asili yake ni ustadi wa kiporo. Mkate uliolala ndio unaobanikika vizuri, kwa sababu umepoteza maji, na mkate wa chachu wa siku ya tatu hubanikika vizuri kuliko wa siku ile ile. Nyumba nyingi za Waswahili zimewahi kuupasha moto mkate wa jana juu ya makaa na kuuchovya chaini, bila ya yeyote kuandika menyu. Bekari inayouza tosti inauza mkate wa jana kwa bei ya kesho, na inafanya hivyo kwa haki, maadamu mlaji anajua anachokula.

Nani basi aanze? Kuwangojea wakuza istilahi peke yao si busara; neno lipo, na kinachokosekana ni midomo ya kulitumia. Wanafunzi wa Kiswahili, ambao hupewa kila muhula kazi za utafiti kuhusu istilahi za kompyuta na za sheria, wangeweza kupelekwa Ngong, Kiserian na Kitengela wakakusanye msamiati wa waokaji kabla haujapotea au kuzikwa chini ya Kiingereza. Waokaji wenyewe wanasemaje donge likizidi maji? Wanaliitaje lile tabaka la juu la chachu iliyolala njaa, linalogeuka maji ya kijivu? Ule mkato wa wembe juu ya mkate una jina gani? Mapovu makubwa na mapovu madogo yanatofautishwaje? Vijana wanaofanya kazi katika matanuri hayo huzungumza usiku kucha, na si kwa Kiingereza. Maneno yamo humo, pengine ya Sheng, pengine ya Kikuyu au ya Kimaasai yaliyovikwa viambishi vya Kiswahili, na hayajaandikwa na yeyote. Kazi ya namna hiyo haitaki ufadhili mkubwa. Nauli ya 111 na daftari zinatosha, pamoja na ujasiri wa kuamka saa kumi alfajiri, maana mwokaji hamngojei msomi.

Kwa upande wake, mwenye bekari haombwi aling’oe bango lake. Anaombwa aongeze mstari mmoja chini ya ule wa Kiingereza, kwa herufi za ukubwa ule ule: Mkate wa chachu, umeumuka usiku kucha. Na chupa yenyewe aitoe nyuma ya pazia aiweke kaunta, mahali ambapo mama wa uji anaweza kuiona anapopita na ndoo yake.